Chumba cha Arobaini na Sita

Dar es Salaam
14 Oktoba 1973

Dada yangu Efrazia,

Shikamoo. Nimefika salama, ingawa basi lilituharibikia pale Mombo tukashinda juani tukisubiri spea, nikatoka jasho la mwaka mzima. Maparachichi uliyonifungia yaliiva yote kwa mpigo mmoja. Niliyagawa ofisini, na sasa hakuna anayeniita Kristofa, wananiita Msambaa wa Maparachichi.

Nina habari njema. Mdogo wako si tarishi tena! Wamenihamishia chumba cha michoro hapa hapa Karakana ya Vifaa vya Kisomo. Mkuu wetu, Ndugu Benedikto, ameona nina mkono mzuri. Tunatengeneza picha za madarasa ya watu wazima: mabango, vitabu vya kusomea, na sasa kuna mchezo mmoja unaandaliwa ambao siruhusiwi kuusema.

Daftari lako la michoro liko salama, nimelifunga kwenye gazeti na kuliweka ndani ya sanduku langu. Sijasahau nilichokuahidi siku ile tulipotoka kumwekea mwanetu Secilia msalaba kaburini. Hapa kuna mashine ya kukuzia picha. Nitaikuza picha yake, niitie fremu yenye kioo, na Krismasi utaitundika ukutani. Kuwa na subira tu.

Msalimie shemeji Timotheo, mwambie asiangushe miti yote ya Magamba, atuachie hata mmoja.

Mdogo wako,
Kristofa


Magamba, Lushoto
2 Desemba 1973

Mdogo wangu Kristofa,

Marahaba. Barua yako iliitwa kanisani Jumapili iliyopita. Mzee Yohane anasimama pale mlangoni na furushi lake, anaita majina kana kwamba anatoa hukumu, na ukichelewa kutoka unasubiri Jumapili nyingine. Safari hii nilimsikia. Alipoona muhuri wa Dar aliisoma anwani mara mbili ili watu wote wajue nina ndugu serikalini.

Nimefurahi kwa cheo chako. Nilipomweleza Timotheo alisema, "Kristofa ana mkono mzuri wa kula makande, wa kuchora sijawahi kuuona." Usikasirike, unamjua shemeji yako.

Kuhusu picha, siharakishi. Nakukumbusha tu kwamba sina nyingine. Unakumbuka tulimshusha Lushoto kwa mpiga picha, na gauni jipya, tukakuta amefunga ameenda arusini Soni, tukasema tutarudi mwezi ujao. Ule mwezi ujao ndio ulikuja na surua. Kwa hiyo ni hiyo moja niliyoichora mwenyewe kwa penseli, amechuchumaa mlangoni na sweta ya baba yake, anakula hindi. Wengine waliomo katika daftari, ng'ombe na kuku na mimi mwenyewe, unaweza kuwafanya upendavyo. Yeye nirudishie.

Baridi ni kali. Ukija uje na koti, usije na shati lako la Dar tukakucheka.

Dada yako,
Efrazia


Magamba, Lushoto
17 Februari 1974

Mdogo wangu Kristofa,

Krismasi imepita, hukuja, na hukuandika. Leo sikuulizi hayo.

Jumatano Mwalimu Rubeni wa kisomo alituletea bao la karatasi ngumu lililotoka huko kwenu. Ni nyoka na ngazi. Ukitua kwenye chumba chenye choo kipya unapanda ngazi. Ukitua kwenye chumba cha mlevi unateremka na nyoka. Maneno yameandikwa makubwa ili anayetua ayasome kwa sauti, ndiyo namna ya kujifunzia. Tulichukua maharage na mbegu za maboga tukafanya kete. Tulicheka sana, kina mama wazima tunagombea dadu.

Nikaona chumba cha kumi na mbili, ng'ombe aliyevunjika pembe ya kushoto. Nikasema moyoni, kumbe hata Dar wako wa namna hii. Kisha chumba cha thelathini na moja, mwanamke na mzigo wa majani, gauni lina kiraka begani. Kiraka kile nilikishona mimi, Kristofa. Ninalo gauni hilo hapa nilipokaa.

Dorothea, jirani yetu, akatua arobaini na sita. Unajua Dorothea alianza kisomo hajui hata kushika penseli. Akaweka kidole, akasoma: "Ma-ma hu-yu ha-ku-m-pe-le-ka m-to-to kli-ni-ki. Ru-di chu-mba cha ti-sa." Alisoma bila kukosea. Watu wote wakampigia makofi. Halafu akaangalia picha, akaniangalia mimi, na makofi yakakatika.

Ni Secilia. Amechuchumaa na sweta na hindi lake, na kinywa cha nyoka kiko juu ya kichwa chake.

Nilimpeleka. Timotheo alikuwa msituni, sikumngoja. Nilimfunga mgongoni kwa blanketi nikashuka naye mpaka hospitali ya Lushoto huku mvua ikinyesha, nikafika magoti yana matope. Kila mtu hapa anajua. Sasa watoto wao wanaimba shuleni, "Mama huyu hakumpeleka." Hawana nia mbaya, ni mchezo tu kwao, lakini nausikia nikiwa shambani.

Nadhani kuna mtu huko ofisini amekuibia daftari bila wewe kujua. Je, wamekuibia, mdogo wangu? Niambie tu.

Dada yako,
Efrazia


Dar es Salaam
3 Machi 1974

Dada Efrazia,

Shikamoo. Barua yako imenihuzunisha mno.

Hapa ofisini karatasi zinapita mikono mingi. Mtu anaacha kitu mezani, mwingine anakichukua, huwezi kujua nani ni nani. Inawezekana ilitokea hivyo. Ndugu Benedikto hutuambia kwamba katika kazi ya taifa hakuna cha changu wala chako, picha ikishaingia hapa ni ya wananchi wote. Na ukifikiri vizuri, dada, watu nchi nzima wanajifunza kusoma kwa kutazama ng'ombe wetu. Je, hilo si jambo la kujivunia?

Maneno ya chumba kile hayakuandikwa katika chumba chetu. Yaliletwa na watu wa afya yakiwa yameshapigwa taipu, sisi tunaweka picha tu.

Nakuomba usiiandikie ofisi. Watu wa hapa hawapendi malalamiko, na mimi ndiye nitakayeulizwa. Niachie mimi, nitalifuatilia polepole.

Nina haraka, nitaandika tena.

Mdogo wako,
Kristofa


KARAKANA YA VIFAA VYA KISOMO
Dar es Salaam
9 Aprili 1974

Ndugu Efrazia Timotheo,
Magamba, Lushoto.

YAH: MCHEZO WA NYOKA NA NGAZI

Barua yako ya tarehe 10 Machi imepokelewa.

Michoro yote ya mchezo huu imechorwa na mchoraji wetu, Ndugu K. Shehoza, ambaye ni mwenyeji wa sehemu hiyo na anayafahamu mazingira yake. Tumemuuliza, naye ameeleza kwamba hajui habari za daftari lolote.

Hata hivyo, ukitaka dai lako lifikiriwe, unatakiwa ulete daftari hilo kama ushahidi. Michoro mipya haitapokelewa, kwa kuwa itahesabiwa kuwa imenakiliwa kutoka katika mchezo.

Uhuru na Kazi.

Benedikto
Mkuu wa Chumba cha Michoro


Magamba, Lushoto
21 Aprili 1974

Kristofa,

Nimekuwekea humu barua ya mkuu wako uisome. Anataka nilete daftari ambalo ninyi mnalo, ili nithibitishe kwamba mnalo. Timotheo aliisoma akacheka mpaka akakohoa, kisha akatoka nje, na aliporudi alikuwa hacheki.

Sikukutaja katika barua yangu kwao. Nenda kaitazame. Niliomba mambo mawili tu, wabadilishe maneno na wanirudishie daftari. Wao ndio waliokutaja. Nawe umesema hujui habari za daftari lolote.

Sasa nikwambie kitu. Nilijua tangu Jumatano ile ya kwanza. Unakumbuka nilipokuwa nikichora vitambaa vya meza vya masista wa Kifungilo? Natoboa karatasi kwa sindano kufuata mistari ya ua, naitandaza juu ya kitambaa, napitisha tambara lenye unga wa makaa, na chini vinabaki vinukta. Wewe ulikuwa unanishikia ncha ya kitambaa ili kisiteleze. Nikakufundisha kuviunganisha kwa penseli, na siku zote ulikuwa na haraka. Ukifika kwenye kona unaruka, nami nakupiga kofi la kisogoni. Ukosi wa sweta ya Secilia kwenye bao lenu una vinukta vitatu ambavyo havikuunganishwa. Dar nzima sina mwanafunzi mwingine.

Nilipokuuliza kama wamekuibia nilikuwa nakufungulia mlango upite. Wewe ukaufunga ukaweka na komeo.

Kwa Kishambaa ningekusema vizuri zaidi, lakini mimi na wewe kuandika tulifundishwa kwa Kiswahili, basi pokea hiki kidogo. Sitaki jina langu liandikwe. Cheo chako kaa nacho. Ninataka daftari. Kama ni zima, kama limechafuka, hata kama lina matundu ya sindano, lilete.

Efrazia


Dar es Salaam
5 Mei 1974

Dada yangu,

Shikamoo, kama bado unaipokea.

Ni kweli. Ni mimi. Nimekaa na barua yako wiki nzima nikitafuta namna ya kuandika maneno hayo mawili.

Nilikuwa nimeifungua picha ili niikuze, kama nilivyokuahidi. Nakuapia ilikuwa hivyo. Ndugu Benedikto akapita, akasimama nyuma yangu, akafungua kurasa moja moja. Akauliza, "Umechora wewe?" Dada, nilikuwa nimebeba mafaili ya watu miaka minne. Nikasema ndiyo. Lilikuwa neno moja tu. Kesho yake nikapewa meza na kiti.

Kisha akataka picha thelathini za mchezo. Mimi siwezi kuchora, shemeji alisema kweli. Nikafanya ulivyonifundisha. Nikatoboa kurasa zako kwa sindano, nikapitisha makaa, nikafuatisha. Yeye ndiye aliyepanga picha ipi iende chumba kipi. Nilipoona amemweka Secilia pale nilimbandika kama nilivyoambiwa. Ningesema nini? Kwamba namjua mtoto yule?

Daftari halipo. Ilikuwa kabla hata hujaandika barua yako ya Desemba. Kurasa zilikuwa zimejaa matundu na masizi, zinachanika kila nikizigusa, nami niliogopa mtu asizikute akajua kwamba nilifuatisha. Nilizitia kwenye kapu la taka, na taka za ofisi huchomwa kila Ijumaa. Secilia nilimweka kando, nikamtoa, nikamweka kando tena. Mwisho nikamtia pamoja na wenzake.

Nimekwambia yote. Nitukane, dada, nitafurahi kuliko ukinyamaza.

Kristofa


Dar es Salaam
8 Juni 1974

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Wiki ya tano hii hujanijibu, nami siwezi kukulaumu. Lakini leo nina habari ambayo naamini itakufanya uandike.

Nimelitengeneza! Mchezo unapigwa chapa upya mwezi huu. Nilimwendea Ndugu Benedikto, nikamwambia kuna wananchi wa milimani wamelalamikia chumba cha arobaini na sita. Sikutaja ni nani, na la daftari sikuligusa, ningefukuzwa na nisingeweza kukusaidia tena. Alikataa, nikarudi, akakataa, nikarudi. Mwisho akachoka nami. Maneno yote yametolewa na picha imetolewa. Kijana mpya tuliyeajiri amechora mtoto mwingine kabisa, amevaa viatu, yuko kliniki anacheka, na pale sasa pana ngazi badala ya nyoka.

Nikaona hiyo haitoshi. Nikaomba mabao yote ya zamani yarudishwe, kusibaki hata moja la kukuumiza. Wamekubali. Gari la Elimu litapita katika madarasa yote, litaacha jipya na kuchukua la zamani, na yaliyokuwa stoo hapa nimeyapeleka motoni kwa mikono yangu. Nilihesabu ili nihakikishe. Hata sahani za chapa zimekwanguliwa.

Hakuna atakayeimba wimbo ule tena.

Nakutumia penseli kumi na mbili nzuri. Wewe ndiye mwenye mkono, dada. Mchore tena, niletee, na safari hii nitaitia fremu siku hiyo hiyo.

Mdogo wako,
Kristofa


Magamba, Lushoto
9 Juni 1974

Mdogo wangu Kristofa,

Nimekaa kimya kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilikuwa naandika matusi, na daftari la kuandikia matusi ni senti zilezile za kununulia chumvi. Leo nimetulia kidogo. Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine bado naitafuta, usiniharakishe.

Darasani niliacha kwenda kwa muda. Dorothea akaja kunivuta kwa mkono, kwa nguvu hasa, unamjua alivyo. Nilipofika nikakuta kina mama wameshaweka sheria yao. Anayetua arobaini na sita hasomi maneno na hateremki na nyoka. Anasema, "Mwacheni mtoto ale," anakaa hapo hapo, na mchezo unaendelea. Mwalimu Rubeni alilalamika kwamba tunaharibu mchezo wa serikali. Walimjibu acheze peke yake. Amezoea, naye Jumatano iliyopita alitua pale akasema vilevile. Watoto wa shule nao wameiga, wimbo umekufa wenyewe.

Basi Jumatano mchana ninakwenda mapema kabla ya wenzangu. Ninalikunjua bao, nafuta vumbi la maharage kwa upindo wa kanga, namtazama. Si kama nilivyomchora mimi, shingo umeiharibu na ukosi ule unaujua. Lakini macho umeyapatia. Umefuatisha vizuri macho, Kristofa, lazima niseme.

Timotheo alitaka kukata chumba kile kwa wembe tukiweke nyumbani. Nilimkataza, bao limeandikishwa kwa jina la Mwalimu, ataulizwa. Na mimi nilitaka kulinakili nikasema nitafanya mvua zikiisha na mahindi yakivunwa, karatasi haina miguu, itakwenda wapi.

Kwa hiyo ile habari ya kubadilisha maneno niliyowaomba, iacheni. Msiiguse picha. Maneno hatuyasomi tena. Ombi langu kwako ni moja. Kama stoo kuna bao lililozidi, hata lililochanika, nitumie niwe nalo ndani ya nyumba. Ukifanya hivyo nadhani ile nusu nyingine nitaiona.

Dada yako,
Efrazia


Magamba, Lushoto
30 Juni 1974

Kristofa,

Barua yako ya tarehe nane iliitwa na Mzee Yohane Jumapili ya tarehe ishirini na tatu. Yangu ya tarehe tisa ilikaa kwake wiki nzima, hapakuwa na mtu wa kuishusha posta. Gari la Elimu lilikuja Jumatano ya tarehe kumi na tisa, katikati ya barua hizo mbili.

Nilifika mapema kama kawaida yangu. Mwalimu Rubeni alikuwa amekaa nje, hakunitazama. Aliniambia walikuwa na haraka, walikuwa na karatasi yenye muhuri, akasaini. Alisema, "Mama Secilia, nilijaribu kuwaambia. Waliniuliza nina sababu gani, nikakosa ya kuwaeleza." Simlaumu. Kweli, angewaeleza nini?

Bao jipya ni zuri. Rangi zinang'aa. Mtoto wa arobaini na sita ana viatu na meno yote, na wala si mtoto wa mtu yeyote. Kina mama wakitua pale wanapanda ngazi kimya kimya. Dorothea hachezi, anasema macho yanamuuma.

Ninajua ulitaka kunifanyia wema. Nimelirudia hilo siku nyingi nikiwa nalima, kwamba safari hii kweli ulitaka kunifanyia wema, na sina hata pa kukushika nikugombeze. Usirudi kwa Ndugu Benedikto. Usimwombe tena mtu chochote kwa ajili yangu.

Uliniambia nimchore tena. Nimekaa na penseli zako siku nne. Sweta naichora, hata ule uzi uliofumuka mkononi. Hindi nalichora. Miguu naichora. Nikifika usoni mkono unasimama. Nikijilazimisha namkumbuka siku ile ya mwisho tukishuka Lushoto, ndiyo siku iliyonikaa zaidi, na siku ile alikuwa mgongoni kwangu njia nzima. Uzito wake naujua mpaka leo. Joto lake begani nalijua. Uso sikuutazama, nilikuwa natazama njia ili nisiteleze naye.

Penseli nimempa Mwalimu Rubeni awagawie watoto wa shule.

Mama Secilia